Kompyuta ilipokufa, vidole vilikumbuka nini

Mwishoni mwa 2023, katika ule msimu wa mgao, kuna siku umeme ulikatika mara nne hapa kwetu Tabata. Laptopu yangu ilikuwa ThinkPad T420 ya mwaka 2011, mtumba wa Kariakoo, na betri yake ilikuwa imebaki jina tu. Umeme ukienda, nayo inaenda. Mara tatu za kwanza iliwaka tena bila kinyongo. Mara ya nne ikatoa mlio kama wa kijiko kinachogonga sufuria, tik, tik, tik, kisha kimya.

Kesho yake fundi aliifungua, akaisogeza diski sikioni, akanitazama kwa huruma.

"Kaka, hii ni marehemu. Ulikuwa na bekapu?"

"Kazi zote ziko kwenye Git. Nimesukuma juzi."

"Sasa mbona umenuna?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Msimbo wa mteja ulikuwa salama kwenye seva kwa njia ya Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, picha zilikuwa kwenye simu. Kilichokufa ni kitu kigumu kumweleza mtu asiye wa fani: mpangilio. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiipinda ile kompyuta kidogo kidogo ikae ninavyotaka mimi. Rangi za teminali (lile dirisha la kuandikia amri), vifupisho vya amri, vitufe vilivyobadilishwa kazi, madirisha yaliyojua mahali pao. Vyote hivyo huishi katika mafaili madogo ya maandishi yaliyofichwa kwenye folda yako ya nyumbani, na mimi sikuwahi kulinakili hata moja popote.

Nikanunua diski mpya, SSD ya GB 240, nikaweka mfumo wa Linux uitwao Debian 12 kwa flashi. Hapo nilikuwa na bahati kidogo, kwa sababu toleo hilo, lililotoka Juni 2023, ndilo la kwanza ambalo kisakinishi chake rasmi kinakuja na vile vipande visivyo huria vinavyoziamsha kadi za WiFi. Zamani ningelazimika kuunganisha simu kwa waya wa USB ili nipate intaneti ya kuitafutia intaneti. Jioni ilipofika nilikuwa nimekaa mbele ya teminali tupu, kama mtu aliyeamka usiku kwenye nyumba ya watu anatafuta maji. Vikombe vipo, ila hujui kabati lipi.

Kabla sijaendelea, neno moja. Ile programu inayopokea amri zako ndani ya teminali nitaiita sheli, ingawa najua kwa watu wa Dar sheli ni pale unapojaza mafuta. Mama aliwahi kunisikia nikisema kwenye simu "sheli imeganda", akaniuliza kama petroli imeadimika tena.

Jambo la kwanza nililofanya ni kujaribu kuandika upya lile faili langu la mipangilio ya sheli, `.zshrc`, kwa kichwa. Lilikuwa na mistari zaidi ya 600. Nikapata kama kumi na tano. Nikakaa, nikafikiri, nikachemsha chai, nikarudi, nikapata miwili zaidi. Iliyobaki yote nilikuwa nimeinakili kwa watu nisiowajua, kila nilipoona picha ya skrini ya mtu inang'aa, kama mtoto anayerudi nyumbani mifuko imejaa vizibo vya soda. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiamini naijenga nyumba yangu, kumbe nyingi zilikuwa ni samani za watu nilizozipitia mlangoni.

Basi nikaamua kwamba sitarudisha kitu mpaka mkono ukikose. Nikachukua daftari la shule la mdogo wangu, nikaliweka kando ya kibodi. Kila vidole vilipokwenda kutafuta kitu ambacho hakipo, niliandika jina lake na kuchora mstari mmoja. Kikifika mistari mitatu, kinaingia. Sikuwa na falsafa yoyote. Bando lilikuwa dogo na sikutaka kupakua takataka zilezile mara ya pili.

Cha kwanza hakikumaliza hata dakika kumi. Ni kitufe cha Caps Lock.

Mimi naandikia Vim, kihariri cha maandishi kinachotumika ndani ya teminali, na katika Vim unabonyeza Esc mara mamia kwa siku. Kwenye kibodi za leo Esc iko kona ya juu kushoto, mkono lazima uondoke nyumbani kwenda kuitafuta. Kuna historia hapa. Vi, babu yake Vim, iliandikwa na Bill Joy mwaka 1976 kwenye kituo (teminali ya enzi hizo, skrini na kibodi yake) kiitwacho ADM-3A, na kwenye kibodi ya kile kituo Esc ilikaa pale ilipo Tab siku hizi, jirani kabisa na kidole kidogo. Hata ile tabia ya kusogeza kishale kwa h, j, k na l ilitoka hapo, maana mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo. Kibodi zikabadilika, mazoea ya vi yakabaki. Kwa hiyo anayegeuza Caps Lock kuwa Esc anakirudisha tu kitufe karibu na kwao:

`setxkbmap -option caps:escape`

Mistari mitatu ya daftari ilijaa kabla chai haijapoa.

Cha pili ndicho ninachotaka kukizungumzia kwa kirefu, kwa sababu sijaona watu wengi wakikisema kwa jinsi sisi tunavyoishi na umeme. Nilirudi kwenye Bash, ile sheli ya Brian Fox ya 1989, kwa sababu ndiyo inayokuja na Debian na ndiyo ninayoikuta kwenye kila seva. Siku ya tatu umeme ukakatika. Niliporudi nikabonyeza Ctrl na R, ile njia ya kutafuta amri ulizowahi kuandika, nitafute amri ndefu ya kuhamisha hifadhidata niliyoihangaikia asubuhi nzima. Haikuwepo. Hakukuwa na amri yoyote ya siku ile.

Sababu ni kwamba Bash huzishika amri zako kwenye kumbukumbu ya muda, na huziandika kwenye faili la `.bash_history` pale tu sheli inapofungwa kwa utaratibu. Walioiandika walikuwa wanafikiria mtu anayemaliza kazi, anaandika `exit`, anavaa koti anaondoka. Hawakumfikiria mtu ambaye kompyuta yake inanyang'anywa pumzi saa nane mchana bila hodi. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya `.bashrc`:

`PROMPT_COMMAND='history -a'`

Maana yake ni kwamba kila sheli inapokurudishia nafasi ya kuandika amri nyingine, kwanza iiandike iliyopita kwenye diski. Kisha nikaongeza ukubwa wa kumbukumbu yenyewe, kwani Debian inakupa `HISTSIZE` ya 1000 na `HISTFILESIZE` ya 2000, nami nikaweka 50000 kote kuwili. Faili lote la maandishi ya mwaka mzima halichukui nafasi ya kuzungumzia. Baadaye nikaweka programu ndogo iitwayo fzf juu yake ili utafutaji uwe wa kuona orodha badala ya kubahatisha, lakini huo ni urembo. Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka kwangu, chukua huo mstari.

Vim yenyewe, kwa upande wake, ni kama iliandikwa na mtu aliyewahi kukatikiwa umeme. Unapoandika, inaweka pembeni faili la akiba lenye mwisho wa `.swp`, na inalisasisha kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde nne. Umeme ukirudi unafungua faili lako, inakuambia imekuta akiba, unachagua kuirejesha, unaendelea. Sijawahi kupoteza zaidi ya sentensi moja.

Na ukiifungua Vim bila faili lolote, kwenye ule ukurasa wa kwanza kuna ujumbe unaoomba uwasaidie watoto wa Uganda. Nilipokuwa naanza nilidhani ni utani wa watengenezaji. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 akiwa ameianzia kwenye kompyuta ya Amiga, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo akamwomba kila aliyenufaika na programu yake akichangie kituo cha watoto cha pale. Andika `:help uganda` uone. Maelezo yanasema Kibaale ni mji mdogo karibu na Tanzania. Nchi yangu imetajwa ndani ya programu inayotumiwa na waandika programu wa dunia nzima, ikiwa kama alama ya njia: ukifika hapo, Tanzania i jirani. Moolenaar alifariki Agosti 2023, miezi michache kabla diski yangu haijakufa. Ujumbe ule niliuona tena siku niliyoisakinisha upya, na sikuuzima, ingawa kuuzima ni mstari mmoja.

Vifupisho vya amri vilirudi kimoja kimoja, na safari hii vilirudi kwa Kiswahili. Zamani nilikuwa na herufi mbili mbili nilizozinakili, `gs`, `gp`, `gl`, na nusu nilikuwa nimesahau zinafanya nini. Sasa nina `vuta`, nina `sukuma`, nina `rudi` ya kupanda folda moja juu. Ninayoipenda kuliko zote ni hii:

`hali() { if [ -z "$(git status --porcelain)" ]; then echo njema; else git status -sb; fi; }`

Ninaandika `hali`, na kama hakuna kilichobadilika inanijibu `njema`. Kama kuna mabadiliko inayaorodhesha. Ukiiita nje ya folda ya Git inalalamika kwa mstari mzima kwamba hapa si mahali pake, kisha bado inasema njema, kama sisi wote tunavyofanya. Ningeweza kuirekebisha. Nimeiacha.

Kiswahili kilinifundisha na jambo jingine kwenye sheli, na hili halikuwa la kuchekesha siku lilipotokea. Wakati ule nilikuwa naandika mfumo wa kumbukumbu za wafugaji wa maziwa. Nikamaliza kipande, nikaandika amri ya kukihifadhi kwenye Git pamoja na maelezo yake:

`git commit -m 'Ongeza aina za ng'ombe'`

Sheli ikanyamaza, ikaniwekea alama ya `>` peke yake. Nikabonyeza Enter. `>` nyingine. Ile alama ya king'ong'o ndani ya ng'ombe, kwa macho ya sheli, ni alama ya kufunga nukuu. Halafu ya mwisho ikafungua nukuu mpya ambayo haikufungwa, na Bash ikabaki inangoja niendelee kusema. Lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na kung'oa haifai kuandikiwa ndani ya alama moja moja. Unaweza kutumia alama mbili mbili, lakini mimi nimeacha kabisa kuandika maelezo ya mabadiliko kwenye mstari wa amri. Nimeiambia Git kihariri changu ni Vim, naandika `git commit` tu, Vim inafunguka, naandika ng'ombe wote ninaowataka. Na kwa kuwa nafasi ipo, maelezo yangu yamekuwa marefu na ya maana kidogo.

Kwenye madirisha sikuhangaika. GNOME, mazingira ya madirisha ya kawaida ya Debian, ilikuwa inakula zaidi ya GB moja ya RAM kabla sijafungua kitu, na mashine ina nne. Nikarudi kwenye i3, programu ya kupanga madirisha iliyoanzishwa na Mjerumani Michael Stapelberg mwaka 2009, ambayo haina meza wala picha ya ukutani wala vitufe vya kuburuta. Kila dirisha jipya linagawana nafasi na yaliyopo, hakuna linalomfunika mwenzake. Mara ya kwanza kuiwasha inakuuliza mambo mawili tu: nikutengenezee faili la mipangilio, na kitufe chako kikuu kiwe kipi. Kisha unaona skrini nyeusi yenye mstari mmoja chini, na watu wengi hukimbia hapo hapo. Ukivumilia siku tatu, huigusi tena puku (kipanya) ila kwa nadra. Nafasi ya kwanza ni teminali, ya pili ni kivinjari, ya tatu ni nyaraka nilizozisakinisha kwenye mashine yenyewe, kama `python3-doc`, kwa ajili ya siku ambazo bando limeisha na mshahara haujaingia.

Bando ndilo lililoirudisha tmux, programu inayoushikilia ukurasa wako wa teminali hata ukitoka. Nilikuwa nimeingia kwenye seva ya mteja kupitia SSH, nimeanzisha kazi ya kubadilisha muundo wa hifadhidata, ya dakika ishirini hivi. Dakika ya kumi na mbili simu ikanitumia ule ujumbe wa kwamba umetumia asilimia mia ya kifurushi chako. Muunganisho ukakatika, na kazi ikafa nao, katikati. Nilitumia usiku kucha kuirudisha hifadhidata ilivyokuwa. Ukifanya kazi ndani ya tmux upande wa seva, mazungumzo yako yanabaki hai kule kule. Wewe ukipotea hayajali. Unanunua GB nyingine, unaandika `tmux attach`, unakuta ulipoachia. Kwa hili sikusubiri mistari mitatu. Mmoja ulitosha.

Ila kuna kero: tmux ya Debian 12 ikipokea Esc inangoja nusu sekunde kuona kama kuna kitu kinafuata, na mtu wa Vim anaihisi ile nusu sekunde kama kokoto kwenye kiatu. `set -sg escape-time 10`, imekwisha.

Sasa saa.

Hii haikuwepo kabisa kwenye kompyuta ya zamani, na ndiyo kitu pekee kwenye daftari ambacho sikuwa nimekikosa bali nilikuwa nimekizoea kukikosa. Kona ya skrini ilikuwa inaniambia 14:20, na kila mara kichwani natafsiri: saa nane na dakika ishirini. Tunafanya hivyo tangu utotoni, hatuoni tena kuwa ni kazi. Nikajiuliza kwa nini mashine yangu, ninayolala nayo chumba kimoja, inazungumza nami saa ya wageni.

Hesabu ni rahisi. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya msingi ya dunia. Saa ya Kiswahili iko saa sita nyuma ya hiyo. Tatu toa sita ni hasi tatu. Kwa hiyo ukitengeneza ukanda wa saa wa uongo ulio saa tatu nyuma ya UTC, utapata saa ya Kiswahili bila kuandika programu yoyote. Nikaupa jina SAA, nikaandika `TZ=SAA-3 date +%-I:%M`. Ikanipa saa ileile ya wageni. Nikaangalia tena, nikahesabu kwa vidole, nikadhani nimechanganyikiwa. Kumbe katika kanuni ya POSIX, ile ya pamoja ya mifumo ya jamii ya Unix, alama zimegeuzwa: minasi inamaanisha mashariki ya Greenwich, plasi inamaanisha magharibi. Yaani nilikuwa nimeandika kwa ustadi mkubwa saa ya Dar es Salaam. Ikawa:

`TZ=SAA+3 date +%-I:%M`

Na pale saa saba na robo mchana, skrini ikasema 7:15. Nikamwita mke wangu aje aone. Alitazama, akasema, "Sasa hiyo si ndiyo saa?" Ndiyo, mama, ndiyo saa.

Kisha nikaandika kipande cha kuongeza neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani, maana mimi saa moja jua likishazama naiita usiku, mke wangu anaiita jioni, na kila mmoja ana ukoo mzima wa kumtetea. Msimbo wangu kwa sasa unasema jioni. Nimeshindwa kwa kura.

Daftari lina kurasa nyingi tupu. Mwonekano wa sheli wenye vialama vya picha na mishale ya rangi, uliokuwa unachukua sekunde mbili kufunguka, haukupata hata mstari mmoja. Wala teminali inayoonyesha kilicho nyuma yake. Wala ile programu iliyokuwa ikiniambia kila asubuhi kwamba Dar kuna joto. Jumla, mafaili yangu yote sasa ni mistari 214, na kila mmoja naweza kukuambia ulikuja siku gani na ulinikera nini. Yamo kwenye folda moja niliyoiita `makazi`, chini ya Git, na hati fupi inayoyaunganisha kwenye sehemu zake kwa `ln -s`. Funguo za SSH na nywila hazimo, na nakushauri uhakikishe mara mbili kabla hujasukuma. Kwenye mashine mpya nahitaji dakika kama tano na MB chache.

Ajabu ni kwamba mafaili hayo kuwa yamefichwa ni matokeo ya njia ya mkato. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, alisimulia kwamba mwanzoni mwa Unix, babu wa mifumo kama Linux, mtu alitaka `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, isionyeshe folda mbili za lazima, `.` na `..`, na badala ya kuzilinganisha kwa uangalifu akaamua kuruka kila jina linaloanza na nukta. Kuanzia hapo kila anayetaka kuficha kitu anakianzisha kwa nukta. Nami nikaficha vyangu hadi nikasahau kwamba vipo.

Mwezi uliopita binamu yangu ameanza chuo, mwaka wa kwanza, kompyuta. Akanipigia. "Shikamoo kaka. Naomba yale mafaili yako yote, nataka yangu iwe kama yako." Nikampa ule mstari wa `history -a` na ule wa Caps Lock, nikamwambia anunue daftari. Alikasirika, nilimsikia kwenye sauti, ingawa alishukuru kwa adabu.

Juzi saa tano usiku kaleta ujumbe: "Kaka, ile saa ya kwako unaiwekaje? Nimeshachora mistari mitatu."